Dhahabu ya Mguuni

Vumbi la duka la sonara halitupwi. Hilo nililijua Homa Bay kabla sijajua hata soko liko upande gani. Kila jioni sakafu ilifagiliwa kwa ufagio ule ule, ufagio usiovuka mlango, na kila kilichokusanyika, nywele, majivu, mkaa, makombo ya chapati, kiliingia kwenye debe. Debe likijaa linafunikwa, linaanzwa jingine. Siku nilipofika, nyuma ya duka kulikuwa na madebe yamepangwa hadi chini ya dirisha. Vumbi la miaka, na hapakuwa na mtu wa kuliosha.

Mimi nilitoka Osiri. Kwetu msichana anajua kuosha mchanga kabla hajajua kusonga ugali. Unachota, unazungusha karai, unayaacha maji yatoke kama yanayotoka kwa hiari yao, na kilicho kizito kinabaki chini. Sonara alikuwa akija Migori siku za soko kununua dhahabu kwa kina mama wetu. Akamwambia mama anatafuta mkono uliotulia. Mama hakufikiri sana. Alisema, "Chukua huyu. Haongei sana na hali sana." Mkononi nilikuwa na karai langu, na nilienda nalo.

Ilikuwa miaka ya sitini, mwanzoni, wakati ziwa lilipopanda likala mashamba ya ufuoni na watu wakawa wanahamisha nyumba zao juu kidogo kila mara. Nilikaa kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuwa Msabato. Jumamosi kwake hata moto ulikuwa unaogopa kuwaka. Jumapili hadi Ijumaa nilikuwa kwa sonara. Kiswahili hiki ninachoandika nacho nilikiokota hapo hapo dukani, pamoja na vumbi, kwa hiyo mtu asinisumbue na ngeli.

Nikilikumbuka duka lile sasa naliona kama kitu kilicho chini ya maji. Dirisha lilikuwa moja, la vioo vidogo, na saa za alasiri jua liliingia kwa mshazari likalala juu ya meza ya kazi. Tupa ilipokuwa ikikwaruza, unga wa dhahabu ulipanda kwenye ule mwanga. Haukushuka haraka. Ulikaa hewani ukizunguka, na sonara alikuwa katikati yake, mtu mwembamba mwenye kofia nyeusi, anapumua kwa pua polepole ili asiupeperushe. Mimi nilisimama mlangoni na karai langu nikasahau nilikuwa nimetumwa nini. Mtu angeniambia siku zile kwamba ninaota, ningemwambia ndiyo, ninaota, niache.

Hakuwa fundi wa pete za arusi tu. Watu wake, Wahindi wa mji ule, walikuwa na siku zao za kucheza, wanawake kwa duara wakigonganisha vijiti, na kila mmoja alitaka pambo litakalocheza naye. Alitengeneza vipuli vyenye umbo la ngoma, ngoma ndogo kama punje ya mtama, na ngozi yake imekazwa kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko nywele. Alitengeneza mkufu wa paji la uso uliolala kimya mtu akisimama na kuanza kumeremeta akigeuka. Njuga za miguuni alizifanya kwa fedha, na alizipima kwa sikio. Alitikisa moja, akatikisa ya pili, akakunja uso. "Hii hapana cheza," alisema. "Hii lala." Akaichukua tupa akaikwaruza mdomo, akaitikisa tena hadi ikaamka.

Mimi nilikuwa nimekulia kwenye ngoma. Nilijua mabega ya wanawake wetu yanavyotetemeka peke yao huku kichwa kimetulia, na gara, zile kengele za chuma za miguuni, zinavyotangulia kufika kabla ya mchezaji. Lakini sikuwa nimefikiri kwamba mtu anaweza kukaa chini akauchukua mchezo akautia kwenye sikio la mwanamke.

Tulikuwa na mapatano, mimi na sonara. Vumbi lilioshwa mara tatu. Alisema, "Maji ya kwanza yangu. Ya pili yangu. Ya tatu yako." Ya tatu huwa haina kitu, mtu yeyote atakwambia. Lakini mkono wangu ulikuwa wa Osiri. Kila debe niliacha kwenye karai vijichembe ambavyo mtu asiyejua angedhani ni mwanga tu. Nilivihifadhi kwenye bua la unyoya wa ndege, nikaliziba kwa nta, kama wanavyofanya kwetu. Baada ya miaka miwili bua lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimekusudia vipuli. Sitasema uongo. Nilitaka vipuli vya ngoma, na nilikuwa nimeshatoboa masikio.

Ndipo baba akaja.

Baba yangu alikuwa jathum, mpiga nyatiti. Kwa asiyejua, nyatiti ina nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe, na mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi akaiegemea kama anayemnong'oneza mtu. Vidole vya mikono vinapiga nyuzi. Kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete nene ya chuma, na kwa hiyo pete anagonga mti wa nyatiti, na kugonga huko ndiko kunakobeba wimbo. Nyuzi zinaongea, mguu unajibu. Ukiutoa mguu, kinachobaki ni mtu anayelalamika peke yake.

Pete ya baba ilitoka kwa mwalimu wake. Ilikuwa nyeusi kama sufuria, na ilikuwa imemla kidole. Jasho, kutu, kugonga mwaka hadi mwaka. Alishuka kwenye basi lililopitia Rongo akiwa amevaa ndala moja na mguu mwingine umefungwa kitambaa, na mgongoni nyatiti ndani ya blanketi. Nilikuwepo daktari alipokifungua kile kitambaa hospitalini. Sitaeleza. Daktari alisema maneno machache, "Kidonda kitapona. Lakini chuma hiki kikirudi hapa, mzee, utarudi, nami nitakata."

Baba alimshukuru. Tulipofika nje akasema, "Kijana mzuri yule. Hajui kitu."

Na hapa lazima niseme kilichokuwa kinamsumbua, maana haikuwa kidole. Huko Karungu alikuwa na rafiki, naye mpiga nyatiti. Walifundishwa na mwalimu mmoja, wakala chungu kimoja, na walipokuwa vijana waliapiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atampigia siku ya kuzikwa. Rafiki huyo sasa alikuwa amelala, tumbo limejaa maji, na kila aliyetoka Karungu alikuja na habari mbaya kuliko ya jana.

Nilimwambia baba, "Kuna wapigaji wengine."

"Wapo."

"Basi waitwe."

"Mgeni aje ampigie? Mgeni hajui hata rafiki yangu alichomfanyia shemeji yake mwaka wa nzige. Atamsifu kwa nini? Kwa kufa?"

Alikwisha kujaribu kila njia. Aliifunga pete juu ya kitambaa, ikateleza, ikatoa sauti ya mtu anayebisha mlango wa jirani. Alijaribu pete ya mti, ikapasuka. Alijaribu mguu wa kushoto, akajicheka mwenyewe.

Shangazi hakutaka nyatiti iingie ndani. Kwake ule ulikuwa muziki wa pombe. Alimwonyesha baba mahali pa kuiweka, chini ya paa la banda la mbuzi.

"Ndugu yangu," alimwambia, huku anammiminia uji, "Mungu amekusemesha kwa maneno hukusikia. Sasa anakusemesha kwa kidole."

"Angenisemesha kwa sikio," baba alisema. "Kidole hakisikii."

"Endelea. Ukikatwa utacheka?"

"Nitakuletea wewe ukizike. Wewe ndiye unajua maombi."

Shangazi alifyonza, lakini nilimwona amegeuka ukutani mabega yanamtikisika.

Usingizi wangu wa siku hizo ulikuwa mwepesi. Nilijua kitu kimoja ambacho baba hakukijua, kwa sababu nilikuwa nimekiosha kwa miaka miwili: dhahabu haipati kutu. Unaitoa kwenye majivu, kwenye mavi ya panya, kwenye vumbi la miaka kumi, unaimwagia maji na imekaa vile vile ilivyokaa, kama mtu aliyekuwa amelala kidogo. Nilichukua bua langu nikaliweka mbele ya sonara.

"Nataka pete," nilisema.

Alilishika, akalipima kwa kulirusha kidogo kiganjani. Akatabasamu. "Arusi?"

"Ya baba. Ya kidole cha mguu."

Tabasamu likatoka. Alilirudisha bua mezani kwa vidole viwili.

"Shingo, ndiyo. Sikio, ndiyo. Mkono, ndiyo. Kiuno, mwisho. Chini ya kiuno dhahabu hapana."

"Ni dhahabu yangu."

"Iko yako. Mkono iko yangu."

Mke wake alikuwa amekaa pale nyuma anachambua mchele. Alikuwa mama mnene, mpole, anayeniita beta, neno lao la kumwita mtoto. Alinyosha mguu kutoka chini ya sari yake akanionyesha. Kidole cha pili cha kila mguu kilikuwa na pete, ya fedha. Akanieleza kwamba dhahabu kwao ni ya mungu wao wa kike, yule mwenye baraka za nyumba, na hawamweki mahali panapokanyagwa. Hata maharusi wa matajiri, miguuni ni fedha.

"Basi ya fedha," nilisema.

"Fedha hii iko na shaba ndani," sonara alisema. "Angalia mguu ya mama. Kila wiki nyeusi. Mtu iko na kidonda, itakula yeye."

Nilichukua karai nikaenda kuosha, na siku hiyo nilimwaga maji vibaya, kwa mara ya kwanza, na sonara aliona.

Kesho yake ni yeye aliyeniuliza. Alikuwa anatikisa njuga, moja moja, kichwa amekiinamisha, na bila kuniangalia akasema, "Hii pete ya baba. Nasema nini?"

"Inasema nini vipi?"

"Sauti. Mimi hapana jua kitu kama sijasikia."

Basi nilimwambia baba, na baba, ambaye hakuwa na kazi isipokuwa kusubiri habari mbaya kutoka Karungu, alijitwika nyatiti akachechemea hadi dukani. Mimi nilibeba kigoda. Nyatiti yenyewe nisingeigusa. Kwetu wanawake hawaigusi, wala pete yake, na sikuwahi kuuliza kwa nini, kama nisivyouliza kwa nini mlango wa nyumba unaangalia upande ule.

Walimkalisha uani nyuma ya duka, kati ya madebe yangu na mtungi wa maji. Kulikuwa na mpera, na kivuli chake kilikuwa kimemwagika kwenye simenti. Baba alikifungua kitambaa. Akaivaa pete juu ya kidonda. Nilisema, "Baba," naye akasema, "Nyamaza, nyara," yaani binti yangu, na akaanza.

Alipiga wimbo mmoja tu. Nimeusikia tangu niko tumboni lakini pale, kati ya kuta za Wahindi, ulikuwa wimbo nisioujua. Ulipanda ukutani ukarudi. Sonara alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho amefumba, kidole kinagonga goti pale pale mguu wa baba ulipogonga. Mama, mke wa sonara, alisimama mlangoni na sinia lake la mchele. Baadaye niliona mchele umetulia lakini pindo la sari linatikisika kidogo kidogo, na chini yake zile pete mbili za fedha zilikuwa zinapanda na kushuka. Sijui alikuwa wapi. Alikuwa mbali, huko walikotoka. Hata mapera yalionekana yanangoja.

Baba alipomaliza, simenti chini ya mguu wake ilikuwa na doa la damu lenye ukubwa wa jani.

Sonara alifumbua macho. "Nyuzi ngapi?"

"Nane," baba alisema. "Nne na nne. Mwanamume akizaliwa tunamhesabia siku nne, akifa tunamhesabia siku nne."

"Na mwanamke?"

"Tatu na tatu. Lakini nyatiti ya mwanamke haipo. Bado sijaiona."

Mama ndiye aliyezungumza halafu, kwa lugha yao, na alizungumza kwa muda mrefu. Sonara alipinga. Mama aliendelea. Mwishowe akageuka kwetu akatuambia kwa Kiswahili, ili tusikie hukumu.

"Huko kwetu mtu akiwa mgonjwa sana, daktari nachoma dhahabu, nafanya unga, mgonjwa nalamba na asali. Hiyo dhahabu nafika kila mahali ndani ya mwili. Mguu pia nafika. Mungu hapana kasirika. Kwa nini? Kwa sababu hiyo si pambo. Hiyo dawa."

"Dawa haionekani," sonara alisema.

"Basi weka ndani. Nje chuma, ndani dhahabu. Nani ataona?"

Sonara akamnyoshea baba kidole. "Ukivaa hii, hapana tembea. Hapana kanyaga chini."

"Bwana sonara," baba alisema, "hii si kiatu."

"Na mimi nachukua sura ya hii nyatiti. Natengeneza yangu ndogo. Hiyo ndiyo malipo."

"Ichukue. Haitapungua."

Baba akampa pete mkononi, yeye mwenyewe, na siku tatu zilizofuata nilifanya kazi kwa macho. Sonara aliogopa kuitia ile pete motoni. Alisema chuma kikipashwa moto kinasahau. Badala yake aliikwangua kwa ndani kwa tupa ya duara, kidogo, akaifunga kwenye uzi, akaigonga kwa kijiti, akasikiliza, akakwangua tena. Wakati mwingine zilipita dakika nyingi anasikiliza tu. Kutu ilianguka kama unga wa wimbi.

Siku ya pili alilivunja bua. Chembe zangu zilimiminika kwenye kalibu ndogo ya kuyeyushia, akazipulizia moto kwa bomba la mdomo, na nikaziona zinaanza kukumbatiana. Miaka miwili ya maji ya tatu ikawa tone moja linalotetemeka. Sonara aliniangalia. "Bado naweza kufanya vipuli," alisema. Hakuwa ananitania. Nilishika ncha za masikio yangu, nikaona haya, nikaziachia.

"Endelea," nilisema.

Tone lilifuliwa hadi likawa utepe mwembamba kama ganda la kitunguu. Aliukunja ndani ya pete, akausugua kwa chuma laini hadi ukalala, akapindua kingo zake kidogo juu ya kingo za chuma ili zishikane. Haukulehemiwa popote. Ulishikiliwa na kusuguliwa tu. Kwa nje huwezi kuona kitu. Ukiiinamisha kwenye mwanga, unaona ndani kumepambazuka.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa upendo. Sonara alitoka kwenda posta, na mama akaiona pete ile mezani, ndani inameta, nje nyeusi ya masizi, mafuta na miaka ya mguu wa baba na wa mwalimu wake. Kwa mke wa sonara kitu kikitoka mezani kinatoka kimeng'aa. Aliichukua akailoweka kwenye maji ya ukwaju, akaisugua kwa jivu na nyuzi za nazi, kama anavyosugua zake kila wiki. Niliporudi na maji ilikuwa juu ya kitambaa cheupe, nyeupe kama jino.

Nilikaa chini. Mama aliniuliza kama si nzuri. Nilisema ni nzuri.

Baba alipoiona hakuipokea. Alizungusha kichwa kuiangalia kila upande, mikono yake nyuma.

"Hii si yangu."

"Ni yako, baba. Ilioshwa."

"Nani aliiosha?"

Mama alikuwa anatabasamu pale pale, na baba hakuwa mjinga. Uso wake ulikuwa mzito kwa muda, kisha akasema kwa Kijaluo, ili wao wasisikie, "Mmeivua nguo. Mzee wa watu, mmemvua nguo mbele za wanawake." Na kwa Kiswahili akasema, "Asante, mama. Inang'aa."

Alijaribu uani hapo hapo. Sauti ilikuwa imebadilika. Haikuwa imekufa, lakini ilikuwa imeshuka, kama mtu aliyekuwa akiita kutoka kilimani na sasa anaongea kutoka ndani ya nyumba. Sonara alilisikia hilo kabla ya sisi wote, akainamisha kichwa. Baba aligonga mara nne, tano, akaacha. Hakusema kama inafaa.

Habari ya Karungu ilifika wiki hiyo hiyo. Rafiki yake alikuwa amekwenda.

Asubuhi tulipokuwa tunaondoka tulipita dukani kuaga, na mama alikuwa amevaa vipuli nisivyovijua. Vilikuwa nyatiti mbili, kila moja ndogo kama ukucha wa mtoto, zimeegemea shingo yake kama zinavyoegemewa na mpigaji. Baba alisogea karibu kuliko ilivyo adabu, akahesabu nyuzi kwa mdomo. Sita. Tatu na tatu.

"Basi ipo," alisema. Ni hilo tu. Mama alipogeuza kichwa kumjibu, zilicheza, na jua la asubuhi likapita kati ya nyuzi. Nimeona mapambo mengi tangu hapo, ya watu wakubwa pia. Hayakuniingia.

Karungu tulifika wakati watu wamekwisha kujaa. Baba alipewa nafasi karibu na kaburi lililo wazi. Nilimwekea kigoda, na chini ya mguu wake nikatandika kitambaa cheupe nilichopewa na mke wa sonara. Watu walidhani ni heshima ya Kihindi. Mimi nilikitandika nione damu.

Alianza, na mara nikasikia minong'ono. Wazee wa Karungu waliujua mguu wake. Mmoja, mwenye koti la jeshi, alinyosha fimbo juu kuukatiza wimbo, maana kwetu ndivyo inavyofanywa, mtu anamsimamisha mpigaji ili ajisifu au amchokoze.

"Jathum," alisema, "mguu wako leo umevaa soksi?"

Watu wakacheka. Kama angeinuka sasa, kama angeona haya, rafiki yake angeingia udongoni bila wimbo na baba asingeishika nyatiti tena. Nilimjua.

Baba alisubiri kicheko kiishe. "Haukuvaa soksi," alisema. "Umevua viatu. Mtu akiingia nyumba ya mwenzake kumuaga, anaingia na viatu?"

Mzee wa koti alishusha fimbo yake. Akaketi.

Wimbo uliendelea. Mimi nilikikazia macho kidole kile na kile kitambaa. Kidole kilipanda, kikashuka, pete ikameta. Jua lilikuwa juu ya vichwa, likateremka hadi kwenye nyuso, vivuli vya watu vikarefuka vikavuka kaburi. Nilisikia kwa mbali mjane anaanza kucheza, taratibu, na wanawake wengine nyuma yake, mabega yao. Niliona miguu yao tu, vumbi likipanda laini likining'inia. Mtu alitaja shemeji na mwaka wa nzige, watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Pete ilipanda, ikashuka. Kitambaa kilikuwa cheupe. Waliposhusha sanduku kilikuwa cheupe. Udongo ulipoanza kurudi, chembe za udongo zilikirukia, nikainama nikazipangusa kwa haraka, nikahakikisha ni udongo.

Alipomaliza aliivua pete, akakiangalia kidole chake kama anayemwangalia mtoto aliyerudi salama kutoka shule. Akaifunga kwenye leso yake.

Tulirudi Osiri kwa miguu, njia ya mto Kuja, polepole kwa ajili yake. Ndege weupe walikuwa wanarudi ziwani juu yetu. Tulikuwa tumetembea mbali kabla hajaniuliza, bila kunitazama.

"Ilisemaje leo?"

Sikuzoea kumdanganya, na sikuanza siku hiyo. "Sijui, baba. Sikusikia hata wimbo mmoja. Nilikuwa naangalia kitambaa."

Alikwenda hatua kadhaa. Nilidhani amekasirika.

"Nyimbo zote?"

"Zote."

"Hata ule wa shemeji?"

"Hata huo."

Alisimama kando ya njia, palipokuwa na jiwe pana lililopashwa na jua mchana kutwa. Akaniambia niweke kigoda. Nilimwambia nyumbani si mbali. Akasema anajua nyumbani ni wapi. Akaishusha nyatiti mgongoni, akafungua leso, akanyosha mguu, nami nikaketi chini kwenye nyasi mbele yake, mikono kwenye mapaja kama mgeni, nikasikiliza.